Gunia Kati ya Wakwe

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi, sikukuu ya Bikira Maria ya mwezi wa nane, Mama Madeleine alikuwa bado ndani ya motokari yake kwenye barabara ya kutoka mtaa wa Hewa Bora, mikono kwenye usukani, hasogei mbele wala nyuma. Misa inaanza saa nne. Na kati ya siku zote ambazo Mungu alimpa za kuchelewa, hii haikuwamo.

Siku hiyo mtoto wake wa pili, Agnès, alikuwa anaweka nadhiri za utawa pamoja na wasichana wengine wanne. Wewe utasema, mama akichelewa kuna nini, si ataona picha? Hapana bwana. Kwa masista wale, mahubiri yakiisha kila mzazi anaitwa mbele, anaweka mikono miwili kwenye mabega ya mtoto wake, na anasema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anamtoa kwa Mungu. Bila mzazi hakuna nadhiri. Msichana anarudi kwenye benchi, angoje mwaka mwingine. Baba yake Agnès, mzee wa reli kutoka Kabalo, alikwisha kufa. Alibaki mama. Na mama huyu, tuseme ukweli, miaka miwili mfululizo alikuwa amegoma. Alitaka wajukuu, hakutaka sista. Mwaka wa kwanza alisema mgongo unamuuma. Mwaka wa pili hakusema kitu, alizima simu tu, na Agnès akasimama peke yake mbele ya watu mpaka Mama Mkuu alipomshika mkono na kumrudisha kwenye benchi.

Mwaka huu moyo ulikuwa umelainika. Alimkuta Agnès siku moja sokoni, anacheka na masista wenzake kicheko kile kile cha utotoni, akaenda nyumbani akalia, halafu akampigia simu: mwanangu, nitakuja. Sasa fikiria jina liitwe, na mama asionekane mara ya tatu. Nani angeamini habari ya njia iliyofunga? Agnès mwenyewe asingeamini.

Na njia ilikuwa imefunga kweli. Huko mbele kwenye rond-point, yaani mzunguko wa barabara, trela ya shaba ilikatika ekseli ikalala kuziba barabara pande zote. Taxi-bus zikapanda pembeni wanapopita watu wa miguu, watu wa miguu wakahamia kwenye mtaro, manseba, yaani vijana wa pikipiki za abiria, wakaziba kila tundu lililobaki, na polisi wa roulage, yule wa kuongoza magari, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakachoka. Kila mwenye honi aliipiga kama analipwa. Madeleine alikuwa amemwita manseba mmoja ampeleke. Kijana alitazama mbele, akatikisa kichwa, akamwambia mama kwamba hata akimbeba mgongoni hawatapita.

Kando yake alikaa Honorine, jirani yake wa miaka ishirini, ameshika simu ya Madeleine kama mtu aliyeshika yai. Joëlle, mtoto wa kwanza wa Madeleine, alikuwa kanisani tangu alfajiri na kwaya, na kila dakika chache alituma ujumbe. Padre amevaa. Watu wamejaa mpaka nje. Mama uko wapi?

"Ba kinga beko napita," Honorine akasema, akionyesha kwa kidevu.

Walikuwa wanapita kweli, na hilo ndilo lililomchoma Madeleine kuliko yote. Kama kuna watu aliowachukia katika mji huu, ni watu wa kinga, ndiyo baiskeli, hasa wale wanaoleta makala, ndiyo mkaa wa kupikia, kutoka porini. Wanapanga magunia manne nyuma, moja juu ya lingine, mpaka ukiwafuata humwoni mtu, unaona magunia yanatembea yenyewe. Hawana breki, hawana kioo, hawana haraka. Madeleine alikuwa na desturi ya kuwasogelea karibu karibu na kulaza mkono kwenye honi mpaka washuke kwenye vumbi. Lami ni ya motokari, ndivyo alivyokuwa anasema, wao warudi kwenye miti yao.

Jumanne iliyopita alikuwa amepita kiasi. Alibana mnara wa magunia mpaka ukaanguka mtaroni, mtu na kinga na makala, na badala ya kuona haya akashuka akaanza kutukana. Yule mtu akainuka, mweusi kutoka nywele mpaka vidole, akamgeuzia mgongo. Hakujibu. Madeleine akazidi: kiburi gani hiki, mimi nasema na wewe unanipa mgongo? Mtu akainamisha kichwa tu, mgongo ule ule. Matusi yakaendelea mpaka koo ikakauka. Jioni Joëlle akapiga simu, sauti yake imebadilika. Mtu yule alikuwa Mukuka, mume wake.

Hapo inafaa nieleze. Kwa watu wetu buko, yaani ukwe, si mchezo. Mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja. Wakikutana njiani, mwanaume anatoka pembeni na kugeuza mgongo mpaka mama apite. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku moja mama akipenda anapika kuku, anamwingiza mkwe nyumbani, na miiko inakwisha. Madeleine, miaka minne sasa, hakuwa amependa. Alikuwa amemtakia Joëlle mtu wa ofisi, akaletewa mtoto wa wakulima wa huku huku, watu wa njia ya Sakania waliokuwa na mashamba kabla migodi haijachimbwa, mchoma makala. Kwa hiyo kuku aliendelea kuishi. Na tangu ile Jumanne Madeleine alikuwa na kitu kimemkwama kifuani, na hakuwa amemwambia mtu.

Simu ikalia kwenye mkono wa Honorine. "Beko naimba Gloria," akasoma.

Madeleine akafungua mlango, akasimama barabarani na pagne yake mpya, kitenge cha sikukuu, na viatu vyeupe, akatazama mbele. Motokari, motokari, motokari. Alipiga hesabu ya kwenda kwa miguu: saa nzima, na goti lake linalouma. Machozi yakamjaa. Aliona wazi Agnès amesimama peke yake, macho chini, na safari hii kosa si la mtu, na hakuna atakayejua.

Ndipo mtu akakohoa.

Hatua tatu kutoka kwenye motokari alikuwa amesimama mwanaume na kinga, gunia moja la makala nyuma, shati safi ndani ya mfuko wa plastiki linaning'inia kwenye usukani. Alikuwa amegeuza mgongo. Mgongo huo Madeleine aliujua mara moja, na damu ikampanda usoni.

Mukuka hakugeuka. Aliweka mkono juu ya gunia na kuliambia, kwa adabu kama mtu anayesema na mzee:

"Gunia, ambia mama hii njia haitafunguka leo. Miye niko napeleka makala ku jiko ya masista. Niko najua kanjia ka pembeni ya reli, motokari haipitake pale, pikipiki pia haipitake. Kama mama anakubali, minaweza kumufikisha."

Honorine akashika kichwa. "Madeleine, buko ni buko. Utamukamata mu kiuno?"

Swali lilikuwa la haki. Huwezi kukaa nyuma ya kinga bila kumshika anayeendesha, na kumshika mkwe kiunoni mbele ya Hewa Bora nzima, afadhali ufe. Manseba waliokuwa karibu walikwisha geuka kutazama, mmoja anacheka tayari. Lakini Mukuka alikuwa amelifikiria jambo kabla hajakohoa. Alifungua kamba, akalisimamisha gunia wima nyuma kabisa ya kiti chake, akalifunga upya, ikabaki nafasi ya kukaa mtu kwenye chuma cha mzigo. Gunia likawa ukuta. Mama atalikumbatia gunia, hatamgusa mtu.

Madeleine alitazama nafasi ile, akatazama pagne yake. Akachukua simu yake akaipachika ndani ya pagne, akampa Honorine ufunguo wa motokari, akamwambia aketi na asimruhusu mtu kuigusa. Halafu akajifunga kiuno, akapanda upande upande, akalikumbatia gunia kama ndugu aliyerudi safari.

Kinga ikalia nyii, ikayumba, ikashika njia. Na Madeleine hakuwa mwembamba, tusidanganyane, lakini mtu aliyezoea magunia manne kupanda milima, gunia moja na mama mmoja kwake ni matembezi. Wakaingia kati ya taxi-bus mbili, nafasi ya kiganja kila upande. Manseba wakashangilia. Mama mmoja wa maandazi akapiga vigelegele bila kujua sababu. Na nyuma yao ikalia honi.

Jamani, honi ile! Madeleine alikuwa ameipiga miaka kumi na miwili na hakujua inaingilia wapi. Inaingilia mgongoni, na unataka kuruka mtaroni. Akageuza shingo akaona uso wa dereva nyuma ya kioo, umekunjamana, mdomo unakwenda, na akaujua uso ule vizuri sana maana ulikuwa wake. Mukuka akashuka kwenye vumbi bila haraka, kama anavyoshuka kila siku, gari likasogea mita mbili na kukwama tena.

Kisha wakaacha barabara. Kanjia kenyewe kalikuwa kembamba kama mshipi, upande huu majani makavu ya kiangazi, upande ule reli. Watu wa makala ndio waliokachora kwa matairi yao, asubuhi baada ya asubuhi, kwa kukimbia honi za akina Madeleine. Ghafla kukawa kimya. Hewa ikampiga usoni, reli zikakimbia kando yake, na mama huyu mwenye miaka hamsini na nane akajikuta anataka kucheka. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kuliko kinga.

Simu ikatetemeka ndani ya pagne. Joëlle: wanasoma somo la pili.

Madeleine akairudisha simu ndani ya pagne. Mbele yake hakuona kitu ila gunia, likinuka moshi na pori. Labda ndiyo maana aliweza.

"Gunia," akasema. "Ambia huyu muntu, ile siku ya mardi, kule mu mutaro, miye sikumujua."

Pedali zikazunguka mara tatu, nne.

"Gunia, ambia mama, minajua."

"Sasa juu ya nini hakujibu? Miye niliona ni kiburi."

"Ningejibu, mama angejua sauti yangu," Mukuka akaliambia gunia. "Angekufa haya mbele ya bantu."

Madeleine akalaza shavu kwenye gunia. Haya aliyoepushwa nayo siku ile ilimkuta sasa, yote kwa mpigo, na ilikuwa nzito. Mtu amelala mtaroni, makala yake yamemwagika, matusi yanamnyeshea, naye anafikiria heshima ya anayemtukana. Yeye Madeleine, na kanisa lake na sala zake, asingeweza.

"Gunia, ambia yeye anisamehe."

"Gunia, ambia mama ashike nguvu, tunashuka."

Na wakashuka. Sasa pale kanjia kanapoteremkia mtaa wa Bel-Air, mtu mwenye akili anashuka na kuisukuma kinga. Mukuka hakuwa na nafasi ya akili. Breki yake ilikuwa kandambili ya tairi la zamani, anaikanyaga kwenye gurudumu la mbele mpaka itoe moshi. Ikatoa moshi. Kinga ikazidi kukimbia. Mawe yakaruka, mbuzi akaruka, mzee mmoja aliyekuwa anajisaidia nyuma ya nguzo akaruka na suruali yake mkononi. Gunia likaombwa kumwambia mama aweke naye mguu chini. Mama akaweka. Kiatu cheupe cha kulia kilikwenda zake, na hakuna aliyegeuka kukitazama. Madeleine alikuwa anapiga kelele, na hakuna anayejua kama ni za hofu au za furaha, hata yeye.

Wakatokea kwenye lami ya Bel-Air wakiwa bado na mwendo, barabara iko wazi, kanisa liko mbele pale, mnara unaonekana. Na taksi moja iliyoegeshwa ikafungua mlango.

Mukuka aliukwepa kwa upana wa kidole. Lakini mguu wa Madeleine, ule usio na kiatu, ulinasa kwenye ukingo, kinga ikapinduka, na wote watatu wakalala barabarani: mkwe, mama mkwe na gunia. Gunia lilipasuka. Madeleine aliangukia humo, kifua na mikono, na kwa hiyo hakuvunjika kitu.

Dereva wa taksi alishuka amewaka. Hakuuliza nani ameumia. Alisema watu wa kinga wamezidi, lami ni ya motokari, warudi walikotoka na miti yao. Maneno hayo hayo. Madeleine aliyasikia akiwa chini, na akatafuta kwa macho mtu anayeambiwa. Mukuka alikuwa amekwisha inuka, damu inamtoka kwenye kiwiko, na unafikiri alikuwa anafanya nini? Alikuwa amegeuza mgongo, ili asimtazame mama mkwe aliyeanguka.

Hapo mama akainuka. Alikuwa mweusi mpaka kwenye kope, wigi limehamia sikioni, na alipomsogelea dereva, dereva alirudi nyuma hatua moja.

"Unafungua mulango bila kuangalia nyuma," akasema, polepole. "Huyu ni mukwe yangu. Kama uko na matusi, leta kwangu."

Dereva alitazama pagne ile, mguu ule bila kiatu, macho yale. Akafunga mlango, kwanza wa taksi, halafu wa mdomo. Simu ya Madeleine, kioo kimepasuka, ikawaka: Mama, padre anamaliza kuhubiri. Banaita ba mama ba wengine.

Mukuka alikwisha nyoosha usukani kwa magoti yake na kufunga gunia lililobaki nusu, limelegea kama mzee. Bado alilisimamisha katikati. Madeleine akapanda, akalikamata kwa mikono miwili. Mukuka alisimama juu ya pedali na kukanyaga kwa mwili mzima. Walipita mbele ya wauza mikate, wakapita kati ya motokari zilizoegeshwa za wageni, wakaingia kwenye lango la kanisa bila kushuka, mlinzi akiwapisha kwa kuruka.

Ndani, kipaza sauti kilikuwa kinasema: "Mzazi wa Agnès."

Madeleine akashuka. Akageuka kuutazama ule mgongo.

"Gunia," Mukuka akasema, pumzi zimekwisha, "ambia mama banamuita."

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka milangoni, na kwa mara ya pili sauti ikasema, mzazi wa Agnès, taratibu zaidi, kama mtu anayeomba radhi. Watu waliokumbuka miaka miwili iliyopita walikwisha inamisha vichwa. Huko mbele wasichana wanne walikuwa na mama zao. Wa tano alisimama peke yake na vazi jeupe, mgongo umenyooka, macho kwenye sakafu. Mama Mkuu alikuwa tayari ameanza kusogea ili amshike mkono.

"Niko hapa," Madeleine akasema kutoka mlangoni.

Alipita katikati ya kanisa, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna, na kila benchi aliloliacha nyuma lilibaki linanong'ona. Joëlle kwenye kwaya alishika mdomo. Agnès aliinua macho, akaona mtu mweusi anakuja anachechemea, na uso wake ukafunguka wote.

Padre alimuuliza, kama walivyoulizwa wengine, kama anamtoa mtoto huyu kwa moyo wake wote.

"Padre," Madeleine akasema, "kama si na moyo wote, ningefika namna hii?"

Kanisa likacheka, vigelegele vikaanza upande wa wanawake, na padre mwenyewe alilazimika kutazama pembeni kidogo. Halafu ukabaki wakati wa mikono. Madeleine akainua mikono yake akaiona. Makala yalikuwa yameingia mpaka kwenye mistari ya viganja. Akaifuta kwenye pagne, pagne ilikuwa mbaya zaidi. Mama Mkuu akampa leso, leso ikawa nyeusi na mikono ikabaki ilivyo. Mbele yake lilikuwa vazi lililofuliwa na kupigwa pasi na masista wote, jeupe kuliko kitu chochote mle ndani, na yeye hakuthubutu.

"Weka tu, mama," Agnès akasema, kwa sauti ndogo, machozi yanashuka.

Akaweka. Aliweka mikono miwili kwenye mabega mawili, akabana kwa nguvu, akasema ninakutoa, na alipoiondoa ilibaki pale, viganja na vidole vyote kumi. Kabla ya komunyo sista mmoja alileta vazi jingine limekunjwa vizuri, ili Agnès akabadilishe haraka nyuma ya altare. Agnès alimshukuru, akamrudishia.